Mlaji wa Rusizi na lalamiko lisilofika popote

Kwingineko duniani, wateja wa sandwichi wamelifikisha suala la inchi moja ya mkate mbele ya majaji. Mjini Kamembe, anayeona chapati imepungua hulipa, hunyamaza, na kesho yake hula kwingine. Tofauti hiyo haielezwi na upole wa watu pekee.

Mji wa Kamembe, kitovu cha wilaya ya Rusizi kusini-magharibi mwa Rwanda, haujafikiwa na migahawa ya kimataifa ya sandwichi. Anayetaka kula upesi ana vyake: chapati na maharagwe, sambusa, mandazi, mayai ya kuchemsha, sambaza wa Ziwa Kivu waliokaangwa na, adhuhuri inapowadia, sahani ya melanji, mlo wa kujipakulia ambao wenyeji wameupa jina lililotoka katika Kifaransa. Walaji nao ni wa kila namna: waendesha pikipiki, wanafunzi, watumishi wa ofisi za wilaya, na wachuuzi wanaovuka mpaka kwenda na kurudi Bukavu.

Malalamiko yanayozaliwa kwenye meza hizo hayatofautiani sana na yanayosikika Nairobi au New York. Kipimo kimepungua. Bei imepanda bila kutangazwa. Kilichoandikwa ukutani hakipo jikoni. Mhudumu amechelewa na hakuomba radhi. Kinachotofautiana ni safari ya lalamiko lenyewe: linaanzia wapi, linabebwa na nini, na linapokewa na nani.

Inchi moja mbele ya majaji

Mwezi Januari 2013, kijana mmoja wa Australia aliweka kwenye ukurasa wa Facebook wa kampuni ya Subway picha ya sandwichi iliyolazwa kando ya kipimo. Kampuni hiyo ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1965, ilikuwa ikiuza sandwichi hiyo kwa jina linalomaanisha urefu wa futi moja, yaani inchi 12. Kipimo kilionyesha inchi 11. Picha ilienea duniani kote, na nchini Marekani wateja kadhaa wakafungua kesi wakidai wamedanganywa.

Mwaka 2016 pande hizo zilifikia maelewano: kampuni ingechukua hatua za kuhakikisha mikate yake inafikia urefu uliotangazwa, na mawakili wa wateja wangelipwa zaidi ya dola laki tano. Mteja wa kawaida hakupangiwa hata senti. Agosti 2017, mahakama ya rufaa mjini Chicago iliyatupilia mbali maelewano hayo kwa hoja kwamba hayakuwa na faida yoyote kwa wale waliosemekana kutetewa. Ilikuwa imebainika pia kwamba unga uliokandwa kwa kila mkate ulikuwa na uzito uleule. Mkate mmoja ulitoka mfupi kuliko mwingine kwa sababu ya namna unavyoumuka katika tanuri. Aliyepata inchi 11 hakuwa amekula chakula pungufu.

Kesi hiyo imebaki kuwa kichekesho kwa wengi, lakini ina funzo. Kijana yule aliweza kulalamika, na dunia ikamwelewa papo hapo, kwa sababu kampuni yenyewe ilikuwa imetamka kipimo. Ahadi ilikuwa imeandikwa. Kilichobaki kilikuwa kutafuta rula.

Mfano wa pili ulitokea Ireland. Septemba 2020, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba mkate unaotumika katika sandwichi za Subway haukidhi tafsiri ya mkate katika sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 1972. Sheria hiyo ilitaka sukari isizidi asilimia 2 ya uzito wa unga. Mkate uliobishaniwa ulikuwa na asilimia 10. Aliyekwenda mahakamani hakuwa mlaji bali mfanyabiashara mwenye leseni ya kutumia chapa hiyo, aliyetaka kurejeshewa kodi. Hata hivyo, ni walaji walionufaika na habari: walifahamu kilichomo katika walichokuwa wakikila. Na hapo tena, hukumu iliwezekana kwa sababu kulikuwa na maandishi yanayosema mkate ni kitu gani.

Viazi vilivyokosekana nchi ya viazi

Afrika Mashariki nayo ina kisa chake. Mwanzoni mwa Januari 2022, migahawa ya KFC nchini Kenya iliwatangazia wateja kwamba haina chipsi. Sababu iliyotolewa ni kuchelewa kwa shehena ya viazi kutoka ng'ambo, wakati ambapo janga la UVIKO-19 lilikuwa limevuruga usafiri wa meli. Wateja walishauriwa kuchukua vyakula vingine badala yake.

Tangazo hilo lilizua hasira kuliko upungufu wenyewe. Kenya ni nchi ambayo viazi ni zao la chakula linalofuata mahindi kwa umuhimu, na wakulima wa maeneo kama Nyandarua hulalamika mara kwa mara kwamba wanakosa soko. Wakenya wengi ndipo walipojua kwamba mtandao huo wa migahawa, uliokuwa nchini mwao tangu mwaka 2011, haukuwa ukinunua viazi vyao. Kampuni ilieleza kuwa wauzaji wake hulazimika kuidhinishwa kwa viwango vyake vya ubora. Wito wa kuisusia ukaenea mitandaoni, na baada ya siku chache kampuni ikaahidi kushughulikia ununuzi wa viazi vya ndani.

Hapa wateja hawakwenda mahakamani, na hawakuhitaji. Walikuwa na jina moja la kulitaja, lugha moja iliyowakutanisha wao na wakulima, na jukwaa ambalo kampuni isingeweza kujifanya hailisikii. Kelele za mlaji wa Nairobi zikageuka kuwa hoja ya mkulima wa Nyandarua.

Visa hivyo vinaonyesha kwamba lalamiko lenye nguvu hutegemea mambo matatu: ahadi inayoweza kupimwa, ushahidi kwamba mtu alinunua na alilipa, na mahali pa kulipeleka kwa lugha inayoeleweka. Ni kwa vigezo hivyo hali ya Rusizi inapaswa kutazamwa.

Sarafu ileile, chapati ndogo

Biashara ya chapati na mandazi huuzwa kwa bei ya mviringo: sarafu moja, au noti moja na chenji rahisi. Bei ya aina hiyo ni vigumu kuipandisha kidogo kidogo. Unga unapopanda, mara nyingi kinachobadilika si bei bali donge. Chapati hukandwa nyembamba zaidi, andazi hupungua, nyama iliyomo ndani ya sambusa huongezewa kitunguu. Mlaji huona, lakini hana la kushika. Hakuna ubao uliowahi kumwambia chapati ina uzito gani, kwa hiyo hakuna anachoweza kusema kimevunjwa.

Melanji nayo ina kanuni zake ambazo kila mwenyeji anazijua na ambazo mara nyingi hazijaandikwa mahali. Mteja hulipa bei moja na kujipakulia wali, ndizi, viazi, maharagwe na mboga, lakini kwa safari moja tu. Nyama aghalabu husimamiwa na mhudumu, ambaye hutoa kipande kimoja. Anayerudi kuomba mchuzi zaidi anaweza kupewa kwa tabasamu au kutozwa. Mwenyeji hushangazwa na sahani ya mgeni iliyojaa nusu. Mgeni hushangazwa na hesabu anayoletewa alipodhani kujipakulia ni bure mara ya pili.

Hata hivyo, ingekuwa makosa kusema mfumo huo hauna haki yoyote ndani yake. Una haki ya ujirani. Mteja wa kila siku huongezewa kijiko cha maharagwe, husubiriwa mwisho wa mwezi, na siku chapati zinapoungua, huwekewa zilizo nzuri. Nyongeza, desturi inayojulikana katika masoko ya pande zote mbili za mto Rusizi, ni namna ya muuzaji kukiri kwamba mteja ana kumbukumbu na ana pa kwenda. Mtandao wa migahawa wenye makao makuu ng'ambo hauwezi kuiga jambo hilo.

Tatizo ni kwamba haki ya ujirani humlinda jirani. Rusizi, kwa upande wake, ni mji wa wapita njia. Una vivuko viwili vya kwenda Bukavu, vinavyojulikana kama Rusizi ya kwanza na Rusizi ya pili, na upande wa kusini kuna Bugarama, ambako Rwanda inapakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Burundi. Serikali ya Rwanda imeuweka miongoni mwa miji sita iliyochaguliwa kukua sambamba na Kigali, pamoja na Rubavu, Musanze, Huye, Muhanga na Nyagatare. Kadiri mji unavyokua, ndivyo idadi ya walaji wasiofahamika kwa jina inavyoongezeka. Dereva wa lori, mwanafunzi aliyetoka mkoa mwingine, mama anayevuka na kikapu cha nyanya: hao hula leo na huenda wasionekane tena kwa mwezi. Kwao hakuna nyongeza, na wala hakuna ahadi iliyoandikwa inayochukua nafasi yake.

Sheria ipo, lugha je?

Si kweli kwamba mlaji wa Rwanda ameachwa bila kinga. Nchi ina sheria ya mwaka 2012 kuhusu ushindani na ulinzi wa mlaji. Kuna mamlaka ya ukaguzi, ushindani na ulinzi wa walaji, inayojulikana kwa kifupi kama RICA, na kuna shirika la kiraia la kutetea haki za walaji, ADECOR. Bodi ya Utawala ya Rwanda, RGB, hupima mara kwa mara jinsi wananchi wanavyoridhishwa na huduma wanazopewa. Ubora wa huduma umekuwa hoja ya viongozi wa nchi kwa zaidi ya muongo mmoja, na wenye hoteli na migahawa wamehimizwa mara nyingi kumjali mteja.

Ushahidi wa ununuzi nao umerahisishwa. Tangu mwaka 2013 Rwanda imekuwa ikitumia mashine za kielektroniki za kutoa risiti, na mwaka 2024 Mamlaka ya Mapato ilianza kuwarudishia wanunuzi wa mwisho asilimia 10 ya Kodi ya Ongezeko la Thamani iliyomo katika risiti wanazodai. Lengo la serikali ni mapato, lakini kwa mlaji risiti ni zaidi ya hapo: ni karatasi inayosema alikula wapi, lini na kwa kiasi gani. Mezani, hata hivyo, kudai risiti kwa mlo mdogo bado huonekana kama ugomvi, na kwenye kikapu cha mandazi barabarani risiti haipo kabisa.

Kikwazo cha tatu kinawahusu moja kwa moja wasemaji wa Kiswahili. Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Rusizi haikuhitaji sheria ili kukitumia: biashara na Bukavu, familia zenye ndugu ng'ambo ya mto na jumuiya ya Waislamu wa mjini zilikuwa zimekiweka sokoni miaka mingi kabla. Ila Kiswahili cha Kamembe ni cha mdomo. Ni lugha ya kuuliza bei, kubishana, kuombana punguzo na kucheka. Ni nadra kukiona katika orodha ya vyakula, katika tangazo la haki za mteja au katika fomu ya malalamiko.

Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Mchuuzi kutoka Bukavu anaweza kununua, kuuza, kukopesha na kulipwa mjini Kamembe kwa Kiswahili siku nzima, lakini siku anapotozwa mara mbili sahani moja, lugha hiyo haimfikishi ofisini. Mwenyeji wa mjini anayejieleza vizuri zaidi kwa Kiswahili kuliko kwa Kinyarwanda naye husita, si kwa sababu haelewi kilichompata, bali kwa sababu hataki kuonekana mgeni katika mji wake. Tangu Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, walaji wa kingo zote mbili za mto ni raia wa jumuiya moja yenye soko la pamoja. Soko hilo limezungumzwa zaidi kwa upande wa bidhaa na ushuru kuliko kwa upande wa mtu anayekaa mezani na kuletewa hesabu.

Upande wa pili wa meza

Muuzaji naye ana malalamiko, na hayapaswi kupuuzwa. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, bei ya ngano duniani ilipanda, na Rwanda, inayoagiza ngano nyingi kutoka nje, iliumia. Kwa mujibu wa Taasisi ya Taifa ya Takwimu, mfumuko wa bei mijini ulifikia asilimia 21.7 mwezi Novemba 2022 ukilinganishwa na mwaka uliotangulia. Aliyekuwa akikaanga mandazi wakati huo alikuwa na njia tatu: kupandisha bei, kupunguza donge, au kufunga. Wengi walichagua ya katikati, na mteja aliyedhani anaibiwa alikuwa kwa kweli akigawana hasara na muuzaji.

Sambaza nao wana majira yao. Samaki hao wadogo, walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, hupumzishwa kila mwaka kwa muda wa takriban miezi miwili ili wazaane, na bei hupanda. Vifungashio ni mzigo mwingine: Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008 na kupanua marufuku hiyo mwaka 2019 kwa vyombo vya plastiki vinavyotumika mara moja, kwa hiyo chakula cha kubeba kinahitaji karatasi. Kisha kuna mpaka. Ulipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, biashara ndogo za Rusizi zilipoteza wateja wa ng'ambo kwa siku moja. Na tangu waasi wa M23 walipouteka mji wa Bukavu Februari 2025, na benki za huko kufunga milango, fedha mfukoni mwa anayevuka zimekuwa haba.

Katikati ya muuzaji na mlaji yupo mhudumu. Kima cha chini cha mshahara nchini Rwanda kiliwekwa miongo kadhaa iliyopita kuwa faranga 100 kwa siku, na hadi sasa hakijapata kingine cha kukirithi ingawa sheria ya kazi ya mwaka 2018 inampa waziri mamlaka ya kuweka kipya. Mhudumu ndiye hupokea hasira ya mteja kwa bei asiyoipanga na kipimo asichokipima. Walaji wengi wanalijua hilo. Ukimya wao, kwa sehemu, ni huruma: wanaogopa kwamba lalamiko litaishia kwenye mshahara wa binti aliyeleta sahani, na si kwenye daftari la mwenye mgahawa.

Gharama ya kunyamaza

Huruma hiyo ina bei yake. Mteja anayehama kimya hamwachii muuzaji fununu ya kilichomkera. Muuzaji huona tu kwamba wali umebaki, na kesho yake hupika kidogo zaidi, hununua nyama ya bei nafuu zaidi, na kupoteza mteja mwingine. Kampuni kubwa hustahimili makosa ya namna hiyo kwa sababu ina matawi mengine. Mama mwenye meza moja kando ya barabara ya kituo cha mabasi hana tawi la pili. Kwake lalamiko lililosemwa mapema lina thamani kuliko sifa.

Ndiyo maana mjadala kuhusu huduma katika mji kama Rusizi hauwezi kuishia kwenye semina za kuwafundisha wahudumu kutabasamu. Mambo yanayohitajika ni madogo na hayahitaji chapa ya kimataifa: ubao unaosema bei, unaosema melanji ni safari moja na kipande kimoja cha nyama, na unaosema nyongeza inalipiwa kiasi gani, ubao huo uandikwe kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, na chini yake iwekwe namba ya simu ya mwenye mgahawa, ili lalamiko limruke mhudumu. Muuzaji anayelazimika kupunguza donge kwa sababu ya bei ya unga anaweza kulisema wazi, na mteja anayejua sababu ana nafasi ya kuamua kama atavumilia au ataondoka.

Kwa upande wa taasisi, mtihani ni wa lugha. Kiswahili kimekuwa rasmi kwa miaka kadhaa sasa. Iwapo fomu za malalamiko na matangazo ya haki za mlaji yataanza kupatikana kwa lugha hiyo, basi hakuna mahali panapofaa kuanzia zaidi ya miji ya mpakani kama Kamembe, ambako mlaji mmoja kati ya waliokaa mezani huenda amevuka daraja asubuhi hiyohiyo na anatarajia kurudi kwake kabla ya jioni.